Milimita 79: shajara ya diwani ya babu

Februari 9

Fomu ya mradi wa mwisho ilitakiwa leo saa nane mchana. Wiki nzima kwenye fomu yangu palikuwa pameandikwa "utambulisho wa chapa ya kahawa": nembo, mfuko, kikombe cha karatasi, bango. Darasani tuko wanane wenye kahawa, na mimi kahawa sinywi. Saa nane kasorobo nimefuta, nikaandika "diwani ya mashairi, kurasa zisizopungua 80", nikakimbia kuipeleka kabla woga haujanishika.

Mhadhiri ameisoma akauliza, "Kitabu? Sasa hapo utabuni nini, jalada?"

Nikamjibu, "Na ndani pia."

Amecheka, si kwa ubaya. Hata mimi mwaka juzi ningecheka. Nilikuja chuoni kwa ajili ya mabango, kwa sababu bango unaliona ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala na bado linakupata. Ndani ya kitabu nilijua ni maneno tu yamemwagwa, kazi ya kompyuta.

Februari 11

Niandike chanzo kabla hakijanitoka. Likizo iliyopita nilikuwa Pangani kwa babu. Ana kaunta buku tatu za mashairi, ya kwanza aliianza 1971, zote amezifunga pamoja kwa uzi wa kushonea nyavu. Aliniomba nimchapie shairi moja kwenye kompyuta, "liwe kama la kitabuni". Nikalichapa jioni moja, nikalitoa steshenari, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Babu akavaa miwani, akaitazama ile karatasi muda mrefu kuliko wa kuisoma.

"Maneno yangu haya, mchumba," akasema. (Ananiita mchumba tangu nizaliwe, na bibi, Mungu amrehemu, aliniita mke mwenza.) "Lakini shairi si langu."

Nilikuwa nimeweka herufi saizi 26 ili macho yake yasihangaike. Kila mshororo ulifika ukingoni ukakosa pa kukaa, na neno la mwisho likadondoka chini peke yake. Vina vya mwisho, ambavyo mshairi huvipanga kama mwashi apangavyo tofali za kona, vilikuwa vimetawanyika ukurasa mzima.

Kisha akanitolea kipande cha gazeti alichokihifadhi katikati ya kaunta buku ya pili. Shairi lake lilitoka humo zamani, kwenye safu nyembamba, na kila mshororo umevunjwa mahali pasipostahili. "Walinikata kiuno," akasema. "Nikafurahi hivyo hivyo, jina langu lilikuwepo." Tangu Mambo Leo, lililoanza 1923, magazeti yetu yamepokea mashairi ya watu wa kila namna, na sidhani babu ni wa kwanza wala wa mwisho kukatwa kiuno.

Nilirudi Dar na kaunta buku zote tatu kwenye begi. Tangu hapo kila kitabu ninachokishika nakipindua kwanza nitazame pambizo.

Februari 16

Nimechapa mashairi kumi na moja. Ubeti ninaoutumia kupimia kila kitu ni huu, umekaa vizuri na babu ameniruhusu:

Naliketi ufukweni, maji yakitiririka,
Ngalawa zi safarini, matanga yapeperuka,
Moyo wangu mashakani, nani atanikumbuka,
Kalamu i mkononi, wino unanikauka.

Tarbia ya kawaida, mizani nane kwa nane. Ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, unaishia na ni; utao, nusu ya pili, unaishia na ka. Shuleni tulihesabu mizani kwa vidole ili tupate maksi. Leo nimehesabu herufi. Mshororo mfupi hapo una herufi 34 pamoja na nafasi na alama, mrefu una 40. Tofauti ni ndogo, na sababu ni lugha yenyewe: silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo ukifunga idadi ya silabi umefunga pia urefu wa mstari. Ubeti ukiutazama ukiwa umefumba jicho moja, ni mstatili. Mashairi ya Kiingereza tuliyopewa kama mfano wa kupanga kurasa yana ukingo wa kulia kama meno ya msumeno.

Jambo hili limenikalia kichwani siku nzima. Mshairi ameshachora umbo, mimi natakiwa nisilivunje.

Nimejaribu A5, milimita 148 kwa 210, kwa kuwa ndiyo kila steshenari wanayo. Vibaya. Shairi limesimama upande wa kushoto kama mgeni asiyejulishwa pa kukaa, na kulia kuna uwanja mtupu wa vidole vitatu. Nikiliweka katikati linafanana na kadi ya harusi.

Februari 27

Kaunta buku ya tatu ina utenzi mmoja, beti 118. Mishororo ya mizani nane. Ukiupanga kama tulivyozoea, vipande vinne kimoja chini ya kingine, unapata utepe mwembamba kurasa baada ya kurasa, nusu ya karatasi inakwenda bure. Karatasi nitainunua mimi.

Nimeshinda usiku kwenye mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ya chuo cha SOAS, London, ambayo picha zake zimewekwa kwenye intaneti. Hati za Kiarabu siwezi kuzisoma haraka, madrasa nilikuwa mtoro, lakini sikuhitaji kusoma. Nilikuwa natazama ukurasa tu. Katika baadhi ya miswada ubeti mzima wa utenzi umelazwa kwenye mstari mmoja, vipande vinne kutoka kulia kwenda kushoto, kati ya kipande na kipande kuna alama ndogo ya urembo. Kwa hiyo ule mpangilio wa kipande chini ya kipande, niliodhani ndiyo sheria ya utenzi, si jambo la lazima.

Nikalaza vipande viwili kwa mstari. Nane na nane, kumi na sita! Utenzi umepata upana ule ule wa tarbia. Niliinuka kitini. Mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nimepata mkopo.

Nimempigia babu asubuhi kumweleza. Akasema, "Sasa hilo ulikuwa huna haja ya kompyuta, ungeniuliza mimi."

Machi 8

Nimepata wazo ambalo naona aibu kulipenda kiasi hiki. Kwa kuwa vina viko viwili, cha kati na cha mwisho, nimegawa mstari katika nguzo mbili na kila nguzo nimeisukuma kulia. Sasa ni iko chini ya ni, ka iko chini ya ka, nguzo mbili za vina zinashuka ukurasani kama shanga. Nimetoa koma zote, maana pengo lenyewe linatosha. Nimeliweka ukutani. Kila anayepita anasema "duh".

Mhadhiri naye kasema ni nzuri, nisonge mbele na hilo. Nasonga. Mashairi ishirini na mawili, nimejipa wiki mbili.

Machi 21, Pangani

Shikamoo, marahaba, chai na mihogo, kisha nikatandaza kurasa juu ya mkeka. Babu akazitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umezipamba." Akaanza kuimba, kwa sababu yeye shairi hasomi, anaimba, na mahadhi yake ya Tanga hayana haraka.

Kwenye pengo akasimama. Akaendelea. Mstari wa pili akasimama tena, safari hii akakunja uso. Ubeti wa pili akaacha kuimba na kuanza kusoma tu, na ubeti wa tatu macho yake yakashuka: alisoma ukwapi, badala ya kuvuka kwenda kwenye utao akateremka kwenye ukwapi wa chini, kama anayesoma safu ya gazeti.

"Hapa umeweka mto, mchumba. Sauti inataka kuvuka kwa mguu."

Sikubisha. Kituo cha kati cha mshororo ni pumzi fupi, koma na nafasi moja vinatosha. Mimi nilikuwa nimejenga kitu cha kutazama. Bango. Wiki mbili za kazi na kila mpita njia akisema duh, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameimba, na mimi mwenyewe sikuwa nimeimba.

Usiku, kwa taa ya simu, nimerudisha koma ishirini na mbili mara sijui ngapi. Zile kurasa za nguzo mbili nimebaki na moja, nitaiweka kwenye faili la mawazo yaliyokufa.

Jambo jingine la leo, baya zaidi. Kwenye shairi la mazishi ya shangazi babu aliandika "’Menijia wangu mwana". Nilidhani kasahau herufi, nikamsahihishia: "Amenijia wangu mwana". Akanyoosha vidole: me, ni, ji, a, wa, ngu, mwa, na. Nane. Akaanza na yangu, vile vidole nane vikaisha, akaazima kimoja changu. Inkisari, kufupisha neno ili mizani itimie, nimeisoma kidato cha tatu na nikaifutia mtu kwenye shairi la mwanawe.

Machi 24

Hakuna nguzo, hakuna urembo. Nimeanza upya na swali moja: mshororo mrefu kuliko yote humu una urefu gani? Upo kwenye kaunta buku ya pili, herufi 46. Kwa saizi 10.5 umetoka milimita 79.

Sasa badala ya kuchukua karatasi na kuitafutia shairi mahali, nikachukua shairi na kulitafutia karatasi.

Hapa kuna mtu nimemsoma mwezi huu, Jan Tschichold, mbunifu wa vitabu na herufi aliyezaliwa Leipzig mwaka 1902. Ujanani alikuwa mkali wa usasa, anataka herufi zisizo na vijimkia na kurasa zisizolingana pande mbili. Baadaye akageuka kabisa. Mwaka 1947 alikwenda Uingereza kwa wachapishaji wa Penguin, akakaa hadi 1949 akinyoosha vitabu vyao vya bei nafuu, akawaandikia wapanga chapa kanuni za mambo madogo kabisa: nafasi baada ya nukta, nafasi kati ya herufi kubwa. Nje ya hapo alipima miswada ya Ulaya ya zama za kati, akaona uwiano unaojirudia: ukurasa wa mbili kwa tatu, na pambizo za ndani, juu, nje na chini zikifuatana 2, 3, 4, 6.

Nimefanya hesabu nyuma ya risiti ya M-Pesa. Milimita 79 nimezipa nafasi kidogo ya kupumua zikawa 84. Ikiwa 84 ni sehemu sita za tisa za upana, kama katika uwiano huo, basi upana ni 126. Urefu, kwa mbili kwa tatu, ni 189. Pambizo ya ndani 14, juu 21, nje 28, chini 42. Kila namba inagawanyika kwa saba, hakuna sehemu hata moja ya milimita iliyobaki, na kimo cha maandishi ni 126, sawasawa na upana wa ukurasa. Najua uwiano ndio unaofanya hivyo na si muujiza. Lakini mshororo ni wa babu, wa Pangani, na umeingia humo bila kusukumwa.

Mistari inakaa 23 kwa nafasi ya pointi 15. Kichwa cha shairi kikichukua mitano, beti tatu zinabaki zimekaa kwa raha, na ukurasa usio na kichwa unachukua nne. Sheria yangu: ubeti haukatwi kati ya kurasa mbili, hata karatasi ibaki tupu.

Aprili 5

Fonti. Nimepitia nyingi, nimerudi kwa Gentium. Ni ya bure, kisheria, na hilo kwa mwanafunzi si jambo la pembeni. Aliichora Victor Gaultney, akiianza kama kazi yake ya masomo huko Reading, Uingereza, na jina ni Kilatini, maana yake "ya mataifa". Iliundwa ikizifikiria lugha nyingi zinazotumia alfabeti ya Kilatini, si za Ulaya peke yake. Nilichokipenda mimi ni a yake. Kiswahili kinajaza ukurasa kwa a. A ikiwa mbaya, kitabu kizima kibaya. Chukua sentensi yoyote uhesabu: wa, ya, za, la, cha, kwa, na. Katika fonti niliyoanza nayo a ilikuwa na tumbo dogo lililojaa wino, ukurasa ukaonekana una chawa.

Siku tatu zimekwenda kwenye kitone kimoja: alama ya ritifaa.

Katikati ya neno haina shida, ng’ombe, ng’ambo, kompyuta inaipinda vizuri. Lakini babu ana inkisari zinazoanza neno: ’menijia, ’kaja, ’silie. Programu ikiona alama mwanzoni inadhani mtu anafungua nukuu, inaigeuza: ‘menijia. Inatazama upande usio wake. Kwa msomaji wa kawaida ni chembe ya vumbi, na mwezi wa pili hata mimi nisingeiona. Nimetafuta moja moja, zimekuwa 41. Na kwa sababu ya ng’ nimeamua nukuu zote ziwe za alama mbili. Nukuu ya alama moja ikikutana na ng’ombe kwenye sentensi moja hujui nani anafunga na nani anafungua.

Aprili 14

Masika imeshika. Umeme umekatika mara mbili, nimepoteza saa moja ya kazi, si zaidi, nimejifunza kuhifadhi.

Sehemu ya nathari: babu amesimulia maisha yake kwa sauti kwenye simu, nimeyaandika, kurasa tisa. Hapa ndipo upana wa milimita 84 uliponigeuka. Shairi limekaa kama mfalme, nathari inalia. Maneno yetu ni marefu: walipokutana, hawakunisaidia, nitakapomwambia. Kwenye mstari wa herufi kama hamsini yanaingia sita au saba, na ukilazimisha kingo zote mbili zinyooke, nafasi kati ya maneno zinapanuka hadi mianya inaungana mstari kwa mstari. Wenye fani wanaiita mito. Mito ya maji, si ya kulalia.

Dawa ya kawaida ni kukata maneno kwa kistariungio. Nikairuhusu programu. Kiswahili hakimo kwenye orodha yake ya lugha, kwa hiyo imekata Kiingereza: "kit-abu", "nyumb-ani", "wal-ipofika". Nimecheka peke yangu. Mtoto wa darasa la pili anajua ki-ta-bu. Silabi yetu kwa kawaida inaishia kwenye irabu, isipokuwa pale m au n inaposimama peke yake, m-tu, n-chi, na hizo nazo sikutaka kuzikata maana herufi moja iliyoachwa ukingoni inaonekana kama mtoto aliyesahaulika kituoni. Ng’ haitenganishwi kwa hali yoyote.

Nikakata kwa mkono kurasa mbili. Ukibadilisha neno moja juu, kazi yote ya chini inaharibika. Nimeacha. Nathari nimeinyoosha kushoto tu, kulia inaishia inapoishia, na nafasi kati ya maneno zote sawa. Nadhani vitabu vyetu vingi vingesomeka vizuri zaidi hivyo, hasa vya shule vyenye safu mbili nyembamba. Najua wachapaji hawatakubali, wataambiwa kitabu hakijamalizika.

Aprili 23

Nimekwenda mjini, duka la TPH, mtaa wa Samora. Nimekaa sakafuni kwenye rafu ya fasihi hadi dada wa duka akaniletea stuli. Tanzania Publishing House ilianzishwa 1966. Walter Bgoya aliiongoza kuanzia 1972, baadaye 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Sikwenda kwa ajili ya historia, nilikwenda na rula. Nimepima pambizo za vitabu kumi na saba. Nyingi za ndani ni nyembamba mno, unalazimika kukipasua kitabu mgongo ili umalize mstari.

Nimejifunza pia kusoma namba ya ISBN: baada ya 978, ukiona 9976 au 9987 kitabu ni cha Tanzania, 9966 ni cha Kenya. Yetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Babu akisikia diwani yake itakuwa na namba ya taifa atataka kuikariri.

Mei 6

Siku ya fundi. Nimeelekezwa Kariakoo, ghorofani, kwa mzee anayejalidi misahafu iliyochakaa na rejista za ofisi. Chumba kina harufu ya gundi na nta. Nimempa dami yangu ya kwanza, yaani kitabu cha majaribio, niliyoikunja na kuishona mwenyewe hosteli. Hakuisoma. Aliifungua katikati akaiachia, nayo ikajifunga, pa. Akaifungua tena. Pa.

"Umeikunja kinyume cha nyuzi."

Nikamwambia sijui habari za nyuzi.

"Karatasi ni mti, mwanangu. Mti una nyuzi." Akachana kipande kwa urefu, kikachanika moja kwa moja. Akachana kwa upana, kikaenda ovyo ovyo. Nyuzi zinatakiwa zilale sambamba na mgongo wa kitabu, hapo kurasa zinafunguka na kulala. Zikikatiza, kitabu kinagoma kufunguka na kwa unyevu huu wa masika kinajipinda kama chapati. Miaka mitatu chuoni, nimechagua karatasi kwa rangi na kwa gramu.

Tukapanga. Karatasi kubwa ya milimita 320 kwa 450 inabeba kurasa zangu nne kila upande, jumla nane. Mbili zikipachikwa moja ndani ya nyingine ni kabunda la kurasa 16. Nilikuwa na kurasa 101.

"Punguza tano au ongeza kumi na moja," akasema, kama anayetaja bei ya nyanya.

Usiku nimepunguza. Ukurasa wa shukrani umeungana na wa yaliyomo, shairi moja ambalo babu mwenyewe halipendi limeondoka kwa ridhaa yake, nathari imebanwa kidogo. 96. Makabunda sita. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo majani 48 ni kama milimita tano za mgongo. Jina la kitabu litakaa hapo kwa shida, likisomwa kutoka juu kwenda chini, ili babu akikilaza kifudifudi... hapana, akikilaza uso juu, mgongo usomeke. Vitabu vyake vyote vimelala, nyumba nzima haina rafu.

Mei 19

Uwasilishaji. Wenye kahawa wamefanya vizuri, mmoja vizuri sana. Kwangu jopo liliuliza jalada kwa dakika kumi. Jalada ni herufi tupu kwenye karatasi ya rangi ya mchanga, na mistari minne myembamba ya urefu wa milimita 79 mahali ambapo ubeti ungekuwa. Babu alitaka picha yake akiwa kwenye ngalawa. Tumekubaliana iingie ukurasa wa pili.

Mhadhiri mmoja amesema nathari isiyonyooka kulia inafanana na barua. Nikasema ni barua, babu aliisimulia kwenye simu. Hilo halikuwa jibu la kitaalamu. La kitaalamu nililikumbuka nikiwa ngazini.

Mhadhiri wangu, yule wa "jalada?", aliichukua dami ya pili, akaenda dirishani, na sote tukamsikia akinong’ona ubeti kwa mahadhi. Kumbe kwao Mkinga, Tanga.

Juni 2

Dami ya tatu imetoka kwa fundi. Imeshonwa kwa uzi wa nta, ukiifungua inalala. Makosa manne ya chapa, moja liko kwenye jina langu. Nitatoa nakala 30 tu, fedha ndizo zinazosema.

Juni 8, Pangani

Babu amekaa barazani tangu alasiri. Kwanza alikinusa. Kisha akalalamika kuhusu pambizo, kama nilivyotarajia: "Karatasi yote hii tupu, nani kalipa?" Nikamwambia ni pa kushikia dole gumba. Akajaribu dole gumba pande zote mbili, akanyamaza.

Akaimba lile la ufukweni lote bila kusimama mahali nisipotaka asimame. Mimi nilikuwa nyuma yake natazama macho yake, si kitabu.

Baada ya magharibi nimemkuta na kalamu. Kwenye pambizo ya nje, zile milimita 28, ameandika wima, kwa hati yake ya kaunta buku, ubeti mpya wa shairi la shangazi. Vina vimetulia. Mizani nimehesabu kwa vidole, vimetosha.

"Uliacha nafasi," akasema.

Shairi hilo lilikuwa na beti saba, tatu kwa nne, limejaa kurasa zake mbili sawasawa. Kwa beti nane linamwagikia ukurasa wa tatu na kusukuma kila kitu kilicho nyuma yake, na 96 inakuwa 97. Nimemwandikia fundi ujumbe asianze kuchapa kabunda la tatu, nitamfikia Jumanne asubuhi.